Kitabu cha kujiendeleza, semina au kikundi: nikuuzie kipi?

Mwezi wa saba baridi ya Mbeya inauma kwelikweli. Asubuhi moja ya Jumamosi, kijana anayetembeza mayai ya kuchemsha alisimama mbele ya meza yangu ya vitabu pale Kabwe, akaweka ndoo chini, akachukua kitabu chenye picha ya noti jalada zima. Akakigeuza, akasoma maneno ya nyuma, akakirudisha. Akakichukua tena. Mkononi alikuwa na noti moja ya elfu kumi.

"Mjomba, niambie ukweli. Hiki kitanisaidia, au nikaongeze trei ya mayai?"

Nauza vitabu vipya na vilivyotumika. Nilianzia Iringa pale Miyomboni kabla ya kuhamia Mbeya, na swali hilo nimeulizwa na walimu, makondakta, wanafunzi wa chuo, mama lishe, hata mchungaji. Miaka yote nilikuwa najibu kama muuzaji: "Kizuri sana hicho, kinatoka." Yule kijana alinigusa kwa sababu ya ile trei. Elfu kumi yake ilikuwa na kazi nyingine ya kufanya siku ileile, na angeiona faida yake kabla jua halijazama. Kitabu changu kingempa nini cha kulingana na hapo?

Kwa hiyo nimeamua kulinganisha vitu vinne ambavyo mtu wa huku kwetu, akitaka kubadili maisha yake, huwa anaweka fedha na muda wake humo: kitabu cha hamasa, kitabu cha mazoezi, semina, na kikundi. Nitagusa na hospitali pia, maana kuna shida watu wanazileta mezani kwangu ambazo hazikupaswa kuishia mezani kwangu.

Wino unapokatikia

Kitabu kilichotumika kinakuonyesha mwenyewe aliishia wapi. Kabla sijakinunua kwa mtu nakipekua chote kuangalia kurasa zilizochanika, na hapo ndipo ninapouona wino. Ninacho kimoja hapa ninapoandika, cha kutafuta utajiri. Sura ya kwanza imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu karibu kila sentensi. Pembeni ameandika "KWELI KABISA", na chini yake tarehe. Ukurasa wa 22 ameweka orodha: nyumba, gari, shamba la parachichi ekari tano. Ukurasa wa 37 kuna mstari mmoja uliopinda, kama vile alikuwa ndani ya basi. Baada ya hapo hakuna kitu. Kurasa zilizobaki bado zimeshikana kingo kama zilivyotoka kiwandani.

Vya namna hiyo nimevinunua vingi mno kuweza kusema wenyewe walikuwa wavivu. Mvivu hapigi mistari kurasa thelathini na saba. Ninavyoona mimi, kitabu kilikuwa kimeshamaliza kumpa kilichokuwa nacho. Kilikuwa na joto, akalipokea lote, kisha kikaanza kurudia yaleyale kwa hadithi za watu wengine.

Kiweke kando ya hiki kingine: kitabu chembamba cha Kiswahili cha hesabu za biashara ndogo, nilichokinunua kwa mama mmoja muuza viazi wa Uyole. Dibaji haijaguswa. Sura ya kwanza inayohimiza kuthubutu nayo ni safi. Kuanzia ukurasa wa 41 karatasi imegeuka rangi kwa udongo wa vidole, na kwenye nafasi zilizoachwa wazi kuna penseli: gunia 14, nauli, ushuru, wapakiaji, vilivyooza debe moja na nusu. Jumla imefutwa mara mbili ikaandikwa upya. Nilimuuliza kwa nini anakiuza.

"Kimeisha, baba," akasema. "Hakuna tena pa kuandika."

Siku hiyo kapuni alikuwa na kauntabuku, amelichora kwa rula mistari ileile ya kitabu.

Kitabu cha hamasa na kitabu cha mazoezi vinakaa kwenye meza moja, bei zinakaribiana, majalada yanafanana, na watu wanaviita jina moja. Ukitaka kuvitenganisha kabla hujatoa fedha, fungua katikati, usifungue mwanzo. Ukikuta hadithi ya tajiri fulani, umeshika cha hamasa. Ukikuta swali linalokuhusu wewe na nafasi ya kulijibu, au hatua unayoweza kuianza kesho kwa vitu ulivyonavyo nyumbani, umeshika cha mazoezi.

Joto lina kazi yake

Kitabu cha hamasa sikidharau. Binti mmoja aliyepata sifuri kidato cha nne aliwahi kukaa kwenye benchi langu mchana kutwa akisoma kimoja bila kununua, nami nikamwacha. Wiki hiyo nyumbani kwao hakuna aliyekuwa anamsemesha. Alihitaji sauti ya kumwambia kwamba hajaishia hapo, na ile ya kitabu ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Siku ya tatu alikwenda kuulizia fomu za VETA. Joto la siku tatu linatosha kabisa kama ndani ya siku hizo kuna mlango wa kubisha hodi.

Shida inaanza pale mtu anapolifanya joto lenyewe kuwa chakula. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Gabriele Oettingen, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Miongoni mwa aliowafuatilia ni wahitimu wa chuo waliokuwa wanatafuta kazi. Wale waliozoea kujiona akilini wakiwa tayari wameshika kazi nzuri, miaka miwili baadaye walikuwa wametuma maombi machache kuliko wenzao, wameitwa kazini mara chache zaidi, na mishahara yao ilikuwa midogo zaidi. Kuamini kwamba utafanikiwa kulisaidia. Kilichowapunguzia nguvu ni kule kuonja mapema ushindi ambao haujafika, kwa sababu mtu akishaionja ile furaha akiwa kitandani, mwili unatulia kana kwamba safari imekwisha. Ushauri wake ni kwamba ukishaitaja ndoto yako, papo hapo taja na kizuizi kilichomo ndani yako au nyumbani kwako.

Mwanasaikolojia mwingine, Peter Gollwitzer, anakwenda hatua moja mbele, kwa njia inayofanana na mzazi anavyomtuma mtoto dukani: taja saa, taja mahali, taja kitendo. "Nitaanza kuweka akiba" haimtumi mtu popote. "Nikimaliza kuhesabu mauzo jioni, kabla sijafunga banda, natoa elfu mbili naitia kwenye kopo" inamtuma. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya mipango ya namna hii, wakakuta kwamba wanaopanga hivyo hutimiza walichokusudia kwa kiwango kinachoonekana wazi kuliko wanaobaki na nia tu. Kitabu chochote chenye zoezi hili, hata kama sehemu nyingine zake ni maneno matupu, kina thamani ya bei yake.

Mimi mwenyewe hamasa iliwahi kuniumiza. Mwaka 2017, bei ya mahindi ilipoporomoka huku Nyanda za Juu Kusini, nilikuwa na gunia sitini stoo kule Mbozi, nimezinunua kwa fedha ya vitabu na mkopo juu yake. Niliuza kwa hasara, nikawa silali. Kitabu kimoja kutoka mezani kwangu kilielekeza nisimame mbele ya kioo kila asubuhi na kusema kwa sauti: mimi ni mshindi. Nilifanya hivyo wiki mbili. Kila nilipotamka, ndani kulikuwa na sauti inayonijibu: mshindi gani, ada ya mtoto iko wapi? Nilitoka mbele ya kioo nimechoka kuliko nilivyokuja, na nikadhani kasoro ni imani yangu ndogo.

Baadaye sana ndipo niliposoma kuhusu Joanne Wood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Mwaka 2009 walichapisha jaribio linalofanana kabisa na kioo changu. Watu waliokuwa tayari wanajithamini walifaidika kidogo kwa kurudia sentensi nzuri juu yao wenyewe. Waliojiona duni walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao waliokuwa hali hiyohiyo lakini hawakurudia chochote. Nililia niliposoma hayo, kwa kweli, kwa sababu nilikuwa nimewauzia watu kadhaa kitabu kilekile, na baadhi yao walikuja kwangu na nyuso kama yangu ya mwaka ule. Mtu akifika mezani ameinamisha kichwa, kitabu cha kioo simpi tena.

Kitabu kikiwa dawa

Ushahidi mzito kuliko wote kwamba kitabu kinaweza kumsaidia mtu unatoka upande ambao wengi hawautegemei, nao ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Mwaka 1980 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, David Burns, alitoa kitabu kiitwacho Feeling Good. Kinamfundisha msomaji kuliandika wazo linalomwelemea, kulipima kama ni la kweli, kisha kuandika jibu lake pembeni. Forrest Scogin na wenzake wa Alabama waliwapa kitabu hicho watu wenye sonona isiyo kali sana, wakiwemo wazee, wakisome na kufanya mazoezi yake kwa wiki nne. Walipata nafuu kuliko waliokuwa bado wanasubiri zamu yao. England kuanzia mwaka 2013 kuna mpango ambao daktari anaweza kumwandikia mgonjwa kitabu, naye akakiazime maktaba ya umma.

Ndani ya majaribio yale ya Alabama kuna jambo dogo ambalo ni rahisi kulipita. Kila wiki wasomaji walipigiwa simu. Dakika chache tu, kuuliza umefika wapi na umefanya zoezi gani. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha vilevile: anayesoma huku kuna mtu anamfuatilia hupata nafuu zaidi ya anayeachiwa kitabu peke yake. Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa nimekaa mezani. Mimi nauza nusu ya dawa.

Na kuna hali ambazo hata dawa nzima ya namna hii haitoshi. Kama ni wiki ya pili hulali, chakula hakipiti, unaona heri usingekuwepo, au unasikia watu wanakusemesha ambao wengine hawawasikii, usipite kwangu. Nenda hospitali ya rufaa, ulizia huduma za afya ya akili, na usiende peke yako. Kuna watu huku kwetu wanaona aibu kuonekana kwenye foleni ile, wakaona kitabu kinafichika vizuri zaidi ndani ya begi. Ninaelewa aibu hiyo, niliionja. Bado nasema nenda.

Kwa mtu ambaye kusoma hakumwii rahisi, habari ya Harare inatia moyo. Daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 utaratibu wa bibi waliopewa mafunzo mafupi, wanaokaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia mtu kuyachambua matatizo yake moja baada ya jingine. Jaribio lao lilichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa na bibi walikuwa takribani 14 katika kila 100, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Kitabu kizuri cha mazoezi kinajaribu kufanya kwa karatasi kile anachofanya yule bibi.

Semina

Nililipa elfu hamsini kuingia semina moja ya siku nzima, ukumbi wa hoteli. Tulisimama, tukapiga makofi, tukaambiwa tumgeukie jirani tumwambie "wewe ni milionea", tukala wali kuku. Saa tisa mtoa mada akaanza kuuza kozi nyingine ya laki tatu, na wasaidizi wake wakapita kiti kwa kiti na vitabu vya risiti. Nilirudi nyumbani na karatasi yenye maneno matano. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimeyafanyia nini. Kwa fedha ile ningekuwa na vitabu vitano, au hisa za kikundi za wiki kadhaa, na ningebaki navyo.

Hata hivyo, kuna mafunzo ya ukumbini yaliyopimwa vizuri yakaonekana yanafanya kazi, na inabidi niyaeleze kwa haki. Lomé, mji mkuu wa Togo, watafiti waliwagawa wenye biashara ndogo 1,500 katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilifundishwa biashara kwa njia ya kawaida: hesabu, masoko, kumbukumbu. La pili lilifundishwa moyo wa kuanzisha mambo, yaani kuiona fursa kabla ya jirani, kujitofautisha na anayeuza kitu kilekile, kujiandaa kwa vikwazo. La tatu halikufundishwa. Matokeo yalitoka mwaka 2017 katika jarida la Science. Katika muda wa miaka miwili, faida ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30. Ya kundi la kwanza ilipanda asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikutosha kusema kwa uhakika kwamba si bahati.

Matokeo hayo yalinisumbua, maana mimi ni mtu wa kitabu cha yule mama wa Uyole, mtu wa penseli na hesabu. Nikarudi kutazama mafunzo yale yalikuwaje hasa. Yalikuwa saa 36 zilizogawanywa ndani ya wiki nne. Mazoezi yalihusu biashara ya mwanafunzi mwenyewe, na baadaye mwalimu alimtembelea kila mwezi kwa miezi minne, palepale anapofanyia kazi. Hamasa yao ilikuwa na miguu, inakufuata hadi kibandani. Kwa hiyo kabla hujalipa kiingilio cha semina, muulize anayeuza tiketi swali moja: baada ya leo, nani atakuja kuona nimefanya nini? Akikosa jibu, kaa na fedha yako.

Kikundi

Watu wanashangaa nikiwaambia kwamba hata kitabu kilichoipa aina hii jina lake kilizaliwa kwenye kikundi. Samuel Smiles, Mskoti aliyesomea udaktari, alitoa Self-Help, yaani kujisaidia mwenyewe, mwaka 1859, na nakala 20,000 zikauzwa mwaka wa kwanza. Mambo yaliyomo alikuwa ameyasema kwanza huko Leeds mbele ya vijana wa hali ya chini waliokutana jioni za baridi kufundishana kusoma, kuandika na hesabu. Walipozidi kuongezeka walipanga chumba kilichowahi kulazwa wagonjwa wa kipindupindu, wakamwomba aje kuzungumza nao. Kitabu kikazunguka dunia nzima. Zile jioni za kufundishana zilibaki Leeds, na nadhani nusu ya nguvu ilibaki nazo.

Sisi wenyewe tuna mfano ulio karibu zaidi. Wazazi wetu wengi wanaikumbuka Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kulikuwa na kijitabu, kulikuwa na kipindi cha redio, na kulikuwa na kikundi kilichoketi pamoja kila wiki na kiongozi wake, kikasikiliza, kikasoma, kikajadili, kisha kikatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Ukimuuliza mzee wa Njombe au Rungwe aliyekuwemo, hatakutajia kichwa cha kijitabu. Atakuonyesha mahali choo kilipokuwa.

Kikundi cha mke wangu ni VICOBA, hukutana Igawilo Jumatano alasiri. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu tofauti, na haliwezi kufunguliwa hadi wote watatu wafike. Kila mmoja ananunua hisa mbele ya wenzake, fedha inahesabiwa kwa sauti. Siku niliyokwenda kumsindikiza, mwenyekiti alimgeukia mwanachama mmoja.

"Dada, wiki iliyopita ulisema mchele wa mkopo basi. Umekopesha?"

Yule dada akacheka huku amefunika mdomo kwa kanga. "Nimekopesha. Ni wifi yangu, ningesemaje?"

"Haya, tupange sasa. Akija tena utamwambiaje?"

Wakalipanga, wanawake kumi na wanane, mmoja akijifanya wifi na mwingine akijifanya muuzaji, hadi wakapata maneno ambayo hayavunji undugu: mchele wa biashara ni wa kikundi, si wangu. Hakuna kitabu nilichowahi kuuza chenye sura hiyo.

Lakini kikundi nacho kina upungufu wake, na waliomo wanaujua. Kikikosa maarifa mapya, wote wanakopa, wote wanafungua genge la nyanya mtaa uleule. Marejesho yakibana, kuna wanaokopa kikundi cha pili kulipa cha kwanza, na aibu ya kusimama mbele ya wenzako bila fedha inamfanya mtu aache kuhudhuria kabisa. Hapo ndipo kitabu kinapohitajika. Nakala moja kwa kikundi, sura moja kwa wiki, anayesoma vizuri anawasomea wengine, na kila mmoja anasema atakachojaribu kabla ya Jumatano ijayo. Nimeuza nakala chache kwa mtindo huo, na hizo hazijawahi kurudi mezani.

Lugha na msimu

Vitabu vingi vinavyokimbiliwa ni vya Kiingereza, na wengi wanavinunua kwa sababu hiyo, kana kwamba Kiingereza ni sehemu ya dawa. Mtu anayesoma ukurasa mmoja kwa dakika kumi akikisia maneno hawezi kuwa na nguvu ya kufanya zoezi mwishoni. Kama unajikuta hivyo, chukua cha Kiswahili hata kama jalada halivutii.

Kuna na msimu. Vitabu hivi vimeandikwa kwa mtu anayepata mshahara kila mwezi. Mkulima wa mahindi wa Songea au wa viazi wa Makete anaishika fedha kubwa mara moja au mbili kwa mwaka, kisha miezi mingine anachomoa kidogokidogo. Ukimwambia aweke sehemu moja ya kumi ya mshahara, atafunga kitabu. Igeuze: katika kila gunia kumi, moja linasogezwa pembeni kabla dalali hajaitwa. Hapo linaeleweka, na linaweza kufanyika.

Nawasihi watu wawe waangalifu sana na ushauri wa kuuza kila kitu na kuwekeza leo. Mparachichi uliopandikizwa huanza kukupa mavuno ya maana baada ya miaka kama mitatu. Misindano ya Mafinga inataka miaka mingi zaidi ya hapo kabla ya kuwa mbao. Nimeona familia iliyouza ng'ombe wa maziwa ikapanda miti kwa sababu baba alisoma sura inayosema woga ndio umaskini. Miti ipo, mizuri kabisa. Watoto walikosa maziwa na ada pia, na hiyo sura haikuwa na mstari hata mmoja juu ya kula nini mpaka miti ikue.

Basi nikuuzie kipi?

Ukija unalia, sikuuzii. Tutakaa kwanza, na pengine nitakusindikiza hospitali.

Ukija umekata tamaa lakini unajua mlango unaotaka kubisha, chukua cha hamasa, kisome usiku mmoja, asubuhi nenda. Maktaba ya mkoa ukikikuta, usinunue.

Ukija na jambo moja mahususi, kama vile fedha inapotea hujui inapopotelea, unagombana na mwenzio kila siku, au unataka kuacha pombe ya jioni, chukua cha mazoezi kinachozungumzia jambo hilo tu, na mtafute mtu atakayekuuliza kila wiki. Kuna vitabu vinavyosema tabia hujengeka kwa siku ishirini na moja; usitishike zikipita bado unajilazimisha. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia mpya, na katikati ya makadirio yao ilikuwa siku 66. Wapo wa siku 18, wapo wa siku 254.

Ukija unatafuta mtaji, kitabu hakina. Kikundi kinao kidogo, na masharti yake unayasikia kwa masikio yako.

Yule kijana wa mayai sikumuuzia. Nilimwambia akachukue trei yake, nikamwazima nakala ya kile kitabu cha hesabu kwa wiki moja na maswali matatu: yai moja linakugharimu shilingi ngapi ukijumlisha mkaa, chumvi na pilipili, mangapi yanarudi nyumbani bila kuuzwa, na ni saa ngapi, mahali gani, ndoo inaisha haraka. Alirudi Jumamosi iliyofuata na majibu mawili. La kwanza lilimshinda, maana mama yake anapikia chakula cha nyumbani kwenye jiko lilelile na mkaa unatoka kwenye gunia moja. Tukakaa kwenye benchi, tukaweka ndoo katikati, akatoa penseli sikioni, tukaanza na gunia: lilinunuliwa lini, na jana lilikuwa limebaki kiasi gani.